Jicho la Mama Halipepesi

Injinia: Haloo, nani mwenzangu? Sema haraka, niko kazini.

Kinyozi: Nani mwenzako! Siku hizi una wenzako wewe?

Injinia: Haloo? Sauti inakwaruza. Namba hii siijui.

Kinyozi: Huijui kwa sababu si yangu. Yangu unaijua, ndiyo maana huipokei. Shikamoo, dada.

Injinia: Kinyozi?

Kinyozi: Kinyozi mwenyewe. Mdogo wako, tumbo moja.

Injinia: Marahaba. Na mko wapi? Nimesema saa nne Mama awe hapa ukumbini, sasa hivi wageni wa kuukagua mtambo wangu wanashuka kwenye magari, mimi nimesimama na waya mkononi kama fundi wa redio—

Kinyozi: Ndiyo nakupigia—

Injinia: —na simu ya Mama haipatikani! Umeazima simu ya nani?

Kinyozi: Ya mama mmoja tumekaa naye benchi moja. Salio lake ni la kuungaunga, kwa hiyo nisikilize, usinikatize.

Injinia: Benchi la wapi?

Kinyozi: La hospitali.

Injinia: Nani anaumwa?

Kinyozi: Mama. Macho.

Injinia: Ah! [Anacheka.] Umenitoa roho bure. Nikadhani moyo.

Kinyozi: Bure?

Injinia: Macho ya Mama nayajua mimi kuliko anavyoyajua mwenyewe. Nimeyapiga picha mpaka nayaota. Mtoe hapo, mlete. Atakuwa ameamka na usingizi.

Kinyozi: Sikiliza kwanza, we! Asubuhi nilikuwa na mteja kitini, nimeshamnyoa nusu ya kichwa. Mama akaniita kutoka chumbani: "Kinyozi, nani kashusha pazia?" Nikamjibu hakuna aliyeshusha pazia, fungua macho, Mama. Akasema yako wazi.

Injinia: Mama kwa utani!

Kinyozi: Hata mimi nilicheka. Halafu akatoka akajigonga kwenye mlango anaopita kila siku, akakaa chini sakafuni, akawa anapapasa kutafuta kandambili. Ilikuwa mbele yake. Hapo kicheko kikaniisha.

Injinia: Na mteja?

Kinyozi: Nini?

Injinia: Mteja wako. Ulimwacha nusu kichwa?

Kinyozi: Nilimwacha. Yuko mtaani na nusu kichwa chake. Hilo ndilo unaloliuliza?

Injinia: Nauliza kwa sababu nakujua. Wewe kila kitu unakiacha nusu. Shule nusu, ndoa nusu—

Kinyozi: Endelea tu. Salio si langu wala si lako.

Injinia: Haya, daktari kasemaje? Kwa kifupi.

Kinyozi: Kwa kifupi, jicho la kulia limekwenda.

Injinia: Limekwenda wapi?

Kinyozi: Dada, usinichekeshe, nitalia mbele za watu. Ni daktari wa macho, bibie mmoja mkali, hana hata muda wa kukohoa. Kasema nyuma ya jicho kuna utando, huo ndio unaoona. Wa Mama umebanduka, kama rangi inavyobanduka ukutani. La kulia limeanza siku nyingi, polepole, kutokea chini, na kinachobanduka chini mtu hukiona kama giza la juu. Hilo wameshalikatia tamaa. La kushoto limeanza jana kuamkia leo. Hapo katikati bado pameshika. Wakimfanyia upasuaji leo linapona. Katikati pakiachia, basi tena.

Injinia: [Mkwaruzo] —wezekani.

Kinyozi: Nini? Mtandao unakata.

Injinia: Nimesema haiwezekani! Jicho la kulia nimelipiga picha majuzi tu. Safi. Kila mshipa unauona.

Kinyozi: Daktari naye kaambiwa hivyohivyo. Unajua na nani? Na Mama. Kafungua mkoba, katoa ile picha yako ya duara, ya rangi ya chungwa, anayowaonyesha wageni hata hawajaketi. Akamwambia, "Daktari, usihangaike, mwanangu ni injinia, katengeneza mtambo wa mkononi wa kuangalia ndani ya macho, na jicho langu ndilo hili." Kaishika kwa vidole viwili, asije akaichafua.

Injinia: [Kwa sauti ya chini] Mama huyu.

Kinyozi: Daktari akaichukua, akaiweka pembeni ya kioo cha mashine yao. Jicho moja, picha mbili. Kwenye yao kuna doa kubwa, limetanda kuanzia chini, lina mikunjo kama shuka. Kwenye yako hakuna kitu. Pamenyooka kama kitanda kilichotandikwa na mke mpya.

Injinia: Mashine yao mbovu.

Kinyozi: Hee!

Injinia: Ya zamani ile, naijua. Kubwa kama jiko la hoteli. Ndiyo sababu mimi nikatengeneza ya kushika mkononi.

Kinyozi: Akamuuliza Mama picha ilipigwa lini. Mama akamwambia. Akatazama tena, akasema doa hili ni la siku nyingi, mama yangu, mtambo uliopiga picha hii ulikuwa unaona nini? Na Mama, unamjua Mama, akajibu, "Unaona vizuri sana." Akakutetea. Kwa jicho lililokufa.

Kinyozi: Dada?

Injinia: Nipo.

Kinyozi: Lile vumbi.

Injinia: Vumbi gani?

Kinyozi: Usinizuge. Vumbi ulilokuwa unalitukana mezani kwa Mama. Si nilikuwepo, nimekaa na kikombe changu? Mama kidevu juu ya kile kigoda chenye sponji, kabana pumzi, hapepesi, na wewe: vumbi tena! Mwanaharamu tena! Unafuta lenzi kwa kile kitambaa laini, unapiga, vumbi lilelile, palepale. Chini, pembeni kidogo.

Injinia: Vumbi ndivyo lilivyo. Kitu kikiwa kwenye lenzi hakihami. Nilibadilisha lenzi, nikabadilisha taa, nikafungua mtambo mzima nikaufunga upya. Kikawa palepale.

Kinyozi: Nilimsimulia daktari habari ya vumbi—

Injinia: Ulimsimulia nani? Kinyozi! Ni siri ya kazi hiyo!

Kinyozi: —akaniuliza swali moja tu. Mimi ningelijulia wapi, ni lake. Akasema, na aliyekuwa akipigwa picha, alikuwa anabadilika? Au ni mtu yuleyule, kidevu palepale, kila siku?

[Mkwaruzo.]

Kinyozi: Nikamwambia ni yuleyule. Akavua miwani, akajifuta uso.

Injinia: Nilifanya kazi kwa jicho nililonalo. Watu wanapepesa! Ukiwamulika taa wanarudisha kichwa nyuma, machozi yanawatoka, picha inatoka kama uji. Mama hapepesi. Mama ukimwambia tulia, anatulia mpaka unamsahau.

Kinyozi: Na kweli ukamsahau.

Injinia: Chunga mdomo.

Kinyozi: Lile vumbi ulilifanyaje mwishowe? Maana siku moja uliacha kutukana.

Injinia: Nililifuta.

Kinyozi: Kwa kitambaa?

Injinia: Kwa programu. Niliufundisha mtambo: kila picha, ile sehemu uisafishe, uizibe kwa rangi ya jirani yake.

Kinyozi: Kila picha?

Injinia: Kila picha.

Kinyozi: Hata za watu wengine?

Injinia: Hakukuwa na watu wengine waliotulia.

Kinyozi: Nilikuambia unipige mimi. Unakumbuka? Nilikuomba kabisa, "Dada, na mimi nione ndani ya jicho langu." Ungelipiga langu mara moja tu, ungeona vumbi halimo. Ukanijibuje?

Injinia: Sikumbuki.

Kinyozi: Ukasema macho yangu yanacheza kama ya mwizi sokoni. Mama akacheka mpaka kidevu kikatoka kwenye kigoda, ukamgombeza.

Injinia: Yanacheza kweli.

Kinyozi: Yanacheza! Lakini yanaona!

Injinia: Usinipigie kelele, kuna mtu hapa. [Kwa mbali] Ndiyo, bwana, karibu, karibu sana, mtambo uko tayari, tunamsubiri tu mgonjwa wetu wa mfano... Ndiyo, mama yangu mzazi, ndiyo! [Anacheka kwa heshima.] Haloo. Upo?

Kinyozi: Nipo. Una sauti mbili siku hizi.

Injinia: Sasa sikiliza—

Kinyozi: Hapana, sikiliza wewe, maana mwenye simu ananikodolea macho. Na Mama alipokuambia anaona giza upande wa juu? Miezi ile! Ulimwonyesha picha. "Uzee huo, Mama. Jicho lako safi kama la mtoto mchanga." Akaacha kulalamika. Akawa anajigonga kimyakimya, na mimi nikidhani ni kuzeeka. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Sisi chetu tulikuwa tunakipikia na kukitandikia kitanda.

Injinia: Umemaliza? Umefurahi? Toka tukiwa wadogo unasubiri nikosee, leo umepata, shangilia basi! Waite na wateja wako!

Kinyozi: Nimefurahi kidogo, ndiyo. Sitakuficha. Nilipoiona ile picha yako pembeni ya kioo, kuna kamoyo kangu fulani kalicheka. Kisha nikamwona Mama anavyoitafuta aikunje airudishe kwenye mkoba. Akawa anapapasa hewa.

[Mkwaruzo.]

Injinia: Wanamwingiza saa ngapi?

Kinyozi: Saa sita. Hapo ndipo penye kazi, ndiyo sababu nimepiga. Mama amekataa.

Injinia: Amekataa nini?

Kinyozi: Upasuaji. Wameshamvalisha gauni, wameshamtia dawa machoni, na amekataa. Anasema hawezi kukatwa jicho na mtu asiyemjua wakati daktari wake yupo. Daktari wake ni wewe. Nimembembeleza, daktari kambembeleza, muuguzi kambembeleza. Anasema akisikia neno kwa mwanawe wa kwanza, ataingia. Bila hilo haingii.

Injinia: Mbona mmemtia dawa kabla hajakubali?

Kinyozi: Ni ya kupima. Ya kupanua mboni.

Injinia: Ya kupanua mboni?

Kinyozi: Ndiyo.

Injinia: Macho yote mawili?

Kinyozi: Yote. Mboni zimekuwa kama vifungo vya koti. Kwa nini?

Injinia: Hapana, basi... Zikipanuka hivyo picha inatoka safi zaidi. Taa inaingia yote. Mimi siwezi kutia dawa hiyo, sina kibali.

Kinyozi: Dada, umesema nini?

Injinia: Mlete.

Kinyozi: Nimekusikia vibaya. Mtandao huu.

Injinia: Umenisikia vizuri. Mlete hapa sasa hivi, napiga picha moja mbele ya wageni, mnarudi hospitali. Nusu saa.

Kinyozi: Umbali huu! Na foleni hiyo! Na chumba cha upasuaji kina watu wanaosubiri, akitoka anapewa mwingine!

Injinia: Atapangiwa kesho. Hospitali haihami.

Kinyozi: Jicho linahama! Daktari kasema asitikisike, asiiname, alale chali!

Injinia: Jicho la kushoto silihitaji. Nalitaka la kulia.

Kinyozi: La kulia limekufa.

Injinia: Ndiyo maana. Halina cha kupoteza. Na mtambo wangu unalijua, utalipiga vizuri.

Kinyozi: Mungu wangu.

Injinia: Jicho halihitaji kuona ili lipigwe picha, Kinyozi. Linahitaji kutulia tu.

Kinyozi: [Kwa sauti iliyokauka] Rudia hilo. Lirudie, nimwekee huyu mwenye simu sauti kubwa, asikie mtu wa shule anavyosema.

Injinia: Unadhani sina uchungu? Nina uchungu kuliko wewe! Lakini wewe umekaa benchi, mimi nimesimama hapa na miaka yangu yote juu ya meza moja. Safari iliyopita nilimpiga picha mgeni mwenyewe, ikatoka uji mtupu, wakacheka, wakanywa chai yao wakaondoka. Leo wamerudi. Hawarudi mara ya tatu. Wakiukubali mtambo, utapelekwa zahanati zote, hata kule ambako watu hawajawahi kuona daktari wa macho.

Kinyozi: Na huko utawafuta vumbi? Nakuuliza. Mama wa watu akienda na doa chini, pembeni kidogo, mtambo utamwambia nini?

Injinia: Nitarekebisha. Baada ya leo. Ni mstari mmoja tu wa programu.

Kinyozi: Rekebisha sasa.

Injinia: Nikiuondoa sasa, doa litatokea mbele ya wageni! Jicho la Mama litajaa ukutani kwenye kitambaa cheupe, lote limebanduka! Watauliza ni nini hiki! Niseme nini?

Kinyozi: Useme ni jicho la mama yako.

Injinia: [Anavuta pumzi.] Wewe hujawahi kutengeneza kitu. Wewe unakata. Nywele zikiharibika, zinaota.

Kinyozi: Kweli. Na macho je?

Injinia: Mlete, Kinyozi.

Kinyozi: Simleti.

Injinia: Unakaa kwa Mama, unakula kwa Mama, kiti chako cha kunyolea umekiweka kwenye baraza la Mama. Umeishi na mtu anayepofuka, chumba kwa chumba, hukuona. Hata hilo ulimwachia injinia. Nyani haoni kundule.

Kinyozi: Hilo ni kweli. Nitalala nalo mpaka nife. Lakini simleti.

Injinia: Basi mpe simu.

Kinyozi: Umwambie nini?

Injinia: Si anataka neno langu? Mpe, nitampa.

Kinyozi: Utamwambia akubali?

Injinia: Ni mama yangu, Kinyozi. Mimi ndiye niliyeanza kumwita mama kabla yako.

Kinyozi: Apa.

Injinia: Tusifanye mambo ya kitoto, salio linakwisha! Unataka likate kabla hajanisikia?

Kinyozi: ... Haya. Naweka sauti kubwa, nami nisikie. Mama! Mama, shika. Ni dada. Hapana, geuza, hapo ndipo pa kusikilizia. Hapo hapo.

Mama: Haloo? Mwanangu?

Injinia: Shikamoo, Mama.

Mama: Marahaba, mwanangu, marahaba. Wageni wamefika? Umewapa viti vizuri?

Injinia: Wamefika, Mama. Wamekaa.

Mama: Na wewe umekula?

Injinia: Nitakula baadaye.

Mama: Hujala. Nakusikia. Ukiwa na njaa sauti yako inakuwa nyembamba. Mimi niko huku na mdogo wako, amepata kiherehere, kanileta kwa madaktari. Wananiambia mambo ya kutisha. Wamenivua hata miwani.

Kinyozi: [Kwa mbali] Mama, msikilize.

Mama: Namsikiliza! Hawa wanasema la kulia limekufa, na hili la pili linafuata. Wanataka wanichome sindano ndani ya jicho, mwanangu. Ndani! Nikawaambia hapana, yupo mtu anayeyajua macho yangu. Sasa niambie wewe. Ukisema ndiyo, naingia sasa hivi, hata wakitaka kuyatoa yote wayaoshe wayarudishe.

[Mkwaruzo.]

Mama: Haloo? Umekwenda?

Injinia: Nipo, Mama.

Mama: Wewe ndiye uliyeyaangalia. Yana nini?

Kinyozi: [Kwa mbali] Mwambie, dada.

Injinia: Mama... Hayana kitu.

Kinyozi: [Kwa mbali] Nini?

Injinia: Nimeyaangalia yote mawili. La kushoto pia. Ni safi.

Kinyozi: [Kwa mbali] Mwongo! La kushoto hujawahi kulipiga hata siku moja!

Mama: Usimwite dada yako mwongo mbele za watu! Koma! ... Mwanangu, la kushoto uliliangalia lini?

Injinia: Ulipokuwa umesinzia, Mama. Kitini.

Mama: Ah, kumbe! Ndiyo maana sikujua. Na hili pazia ninaloliona?

Injinia: Ni uchovu. Na hiyo dawa waliyokutia. Ukishatiwa kila kitu kinakuwa ukungu, hata mimi ningeona ukungu.

Mama: Lakini pazia nimeliona kabla ya dawa.

Injinia: Ni wasiwasi wa leo, Mama. Ulilala vibaya.

Mama: Nililala vibaya, kweli. Nilikuwa nafikiria nitakaa vipi mbele ya wageni nisipepese. Umeliona wewe mwenyewe, kwa macho yako, kwamba ni safi?

Injinia: Nimeliona.

Mama: Basi yamekwisha. Muuguzi! Njoo, mwanangu, nivue hili gauni. Nifungulie huku nyuma.

Kinyozi: Mama, subiri! Kaa chini, usiiname! Nipe simu. Nipe! ... We dada! We! Unajua umefanya nini? Anavua nguo za hospitali huyu! Anatafuta viatu! Muuguzi kaenda kumwita daktari, na daktari akisikia mgonjwa amekataa anaita jina linalofuata!

Injinia: Mpitishe mlango wa nyuma wa ukumbi, ngazi za mbele ni nyingi.

Kinyozi: Nisikilize. Sikutukani tena. Nakuomba. Nikupigie magoti hapa? Haya nimepiga, huyu mama wa simu shahidi yangu. Mwambie neno moja tu. Mwambie umekosea. Mtu anakosea! Mwambie "Mama, ingia." Nitakuja mimi hapo, nitaweka jicho langu, nitalishika kwa vidole lisicheze, unipige picha mpaka jioni.

Injinia: Lako litatoka uji.

Kinyozi: Nakuomba, dada yangu.

Injinia: [Kwa mbali] Ndiyo, mheshimiwa. Yuko njiani. Dakika chache tu.

Kinyozi: Naona salio limebaki kidogo, linapiga kengele. Nampa tena simu. Ongea naye. Ukiwa binadamu utaongea. Mama, chukua, dada ana neno la mwisho. Msikilize vizuri.

Mama: Naam, mwanangu? Mdogo wako yuko sakafuni analia kama mtoto. Una neno?

Injinia: Mama.

Mama: Naam.

[Kimya. Mkwaruzo.]

Injinia: Usifikiche macho njiani.

Mama: Sifikichi. Nitayafumba kabisa, niyatunze yapumzike. Niambie mlango tu. Mdogo wako kwa hasira hizi atanipoteza.

Injinia: Wa nyuma, Mama. Mlango wa bluu. Nitakuwa nimesimama hapo.

Mama: Wa bluu. Haya. Kinyozi, acha kulia, nyanyuka. Hebu nionyeshe kitu cha bluu hapa, nijipime, nisije nikaupita mlango wa dada yako.

Kinyozi: [Kwa mbali] Mama...

Mama: Kitu chochote cha bluu. Hakuna?

Kinyozi: [Kwa mbali] Hilo gauni ulilolishika, Mama. Ni la bluu.

Mama: Hili?

[Simu inakatika.]